Kifua Kinapouma Ghafla

Mtu akishika kifua ghafla huku anahema, jirani mmoja husema, "Ni moyo." Mwingine husema, "Ni kichomi." Huenda ni moyo kweli. Lakini huenda pia ni bonge la damu lililokwama katika mapafu.

Moyo husukuma damu mwili mzima. Nao wenyewe hulishwa damu na mishipa yake. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Mgonjwa husikia kama kitu kizito kinamkandamiza katikati ya kifua. Maumivu yaweza kwenda mkono wa kushoto, shingoni au kwenye taya. Jasho jembamba humtoka. Lakini mzee, au mwenye kisukari, anaweza asisikie maumivu makali.

Bonge la damu huanzia mbali, mara nyingi mguuni. Mtu aliyelala siku nyingi kwa kuvunjika mguu au kupasuliwa, damu yake yaweza kuganda ndani ya mshipa. Mama aliyejifungua naye yumo hatarini, hasa wiki 6 za kwanza. Mguu mmoja huvimba, huuma na kuwa na joto, ingawa wengine hawaoni dalili yoyote mguuni. Kisha bonge hukatika, hupanda na damu, hupita moyoni na kukwama katika mapafu. Ghafla mgonjwa hukosa pumzi. Kifua humchoma kila anapovuta hewa. Anaweza kukohoa damu au kuzirai.

Sasa fikiri juu ya mama mzazi. Akivimba mguu mmoja, wengi wetu tumezoea kuukanda kwa maji ya moto. Usiukande mguu huo! Bonge laweza kukatika. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, kabla kifua hakijauma.

Kifua kikishauma, usikae ukibishana ni ugonjwa gani. Dalili hufanana, na hata daktari huhitaji vipimo. Mkalishe mgonjwa anavyoweza kupumua vizuri. Asitembee. Mbebeni kwa machela, au tafuteni gari la kwenda hospitali. Dawa zipo, ila za moyo na za bonge hazilingani kwa yote. Kwa hiyo mwambie daktari maumivu yalianza saa ngapi, mama alijifungua lini, na ni mguu upi uliovimba. Asipoambiwa, huenda asiutazame mguu.