Mlango wa Gari Ukikataa Kufunga



Huku kwetu Nyansiongo gari moja hubeba majani chai, maziwa na watu. Vumbi na matope huingia kila mahali. Mlango ukikataa kufunga, wengi wetu huubamiza ama huufunga kwa kamba. Hiyo ni hatari: unaweza kufunguka kwenye kona na mtoto akaanguka.

Kwanza, safisha loki kwa brashi na mafuta ya taa, ipanguse, kisha uipake grisi. Angalia pia kama raba ya mlango imetoka mahali pake.

Pili, fungua mlango nusu, uuinue kwa ncha. Ukichezacheza, bawaba zimelegea ama zimelika. Kaza bolti, zikiwa zimelika, mwite fundi.

Bado? Tazama kile chuma cha kwenye fremu kinachoshikwa na loki. Kizungushie alama kwa kalamu, legeza skurubu, kisogeze milimita moja tu, kaza sana, ujaribu tena.

Mwisho, tega sikio. Loki nyingi hulia mara mbili, na mlio wa kwanza hautoshi. Msiondoke kabla ya kusikia wa pili. Mungu awatangulie safarini.