Vumbi la Rangi Kuukuu Katika Nyumba za Askari

Inapokaribia siku ya ukaguzi, sauti ya msasa husikika katika kambi zetu. Fremu za madirisha na mbao za ukingo wa paa, zilizobabuliwa na jua na mvua, husuguliwa zipate kupakwa rangi mpya. Kazi hiyo ni njema. Lakini majuzi tulimwona askari mmoja akisugua dirisha kwa msasa mkavu, na chini yake mwanawe akichora kwa kidole katika vumbi jeupe lililotanda barazani. Baba yule hatumlaumu, hakuna aliyemwambia.

Nyumba zilizojengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962 huenda zilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Naam, madini yaleyale yaliyomo katika risasi ya bunduki, na hii nayo hudhuru bila kishindo. Yalitiwa ili rangi ikauke upesi na kustahimili mvua. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo. Marekani ikapiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Mtoto amezapo vumbi hilo, ubongo wake hudhurika, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama.

Kwa kuwa risasi haitambulikani kwa macho, kila rangi kuukuu na ihesabiwe kuwa inayo. Watoto wapelekwe kwa jirani, madirisha yafungwe, turubai litandazwe chini ya ukuta. Siku ya upepo mkali kazi iahirishwe. Mbao zinyunyiziwe maji kabla ya kukwaruzwa, kisha zisuguliwe kwa msasa usioharibika majini, unaochovywa ndooni mara kwa mara, tope halipeperuki. Wapo wapendao kuunguza rangi kwa moto. Hao twawakataza kabisa, maana joto kali huigeuza risasi kuwa mvuke unaoingia mapafuni. Leso puani haitoshi: yatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi jembamba.

Jioni turubai likunjwe kwa ndani, na magamba yafungwe mfukoni. Yasichomwe, wala yasimwagwe penye mboga. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Mbao ziachwe zikauke barabara, ndipo rangi ya kwanza ipakwe.