Istilahi za Usaili na Haki ya Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu wa Akili

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kazi ya kufasiri nyaraka za ajira imeongezeka uzito. Neno moja likikosewa katika fomu ya maombi ya kazi, mwombaji aweza kunyimwa haki bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu. Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi nne zinazowahusu watu wenye ulemavu wa akili wanapotafuta kazi.

Istilahi ya kwanza ni jina la hali yenyewe. Hapa mfasiri hana budi kujihadhari, kwani istilahi moja ya Kiingereza ina maana mbili. Huko Uingereza hutumika kwa mtu ambaye uwezo wake wa jumla wa kuelewa na kujifunza ni mdogo tangu utotoni. Sisi husema ana ulemavu wa akili. Huko Marekani hutumika kwa mtu mwenye akili kama wenzake, ila hupata taabu katika jambo mahsusi, mathalan kusoma, kuandika au kuhesabu. Huyu yafaa tuseme ana ugumu mahsusi wa kujifunza. Mwanafunzi wa shule ya Mtoni Maalum, wilayani Temeke, na karani wa Kinondoni ambaye herufi humchanganya asomapo hawahitaji msaada wa namna moja. Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tuulize kwanza waraka umetoka wapi.

Kadhalika, ulemavu wa akili usichanganywe na ugonjwa wa akili. Ugonjwa waweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, nao hutibiwa. Fomu inayochanganya mambo haya humtaka kijana asiyeumwa alete cheti cha daktari kwamba amepona. Ama maneno kama taahira na punguani, hayo yamekwisha kuwa matusi, wala hayana nafasi katika waraka wa ofisi. Kwa jumla tunapendekeza "mtu mwenye ulemavu", kwani hutanguliza utu, kuliko "kilema", neno linalomweka binadamu katika ngeli ya vitu.

Istilahi ya pili ni usaili. Wengi bado huandika mahojiano, neno ambalo hutumika pia kwa mwandishi wa habari na hata kwa polisi. Kwa mtu aelewaye maneno kwa maana yake ya wazi tu, kuitwa "kuhojiwa" kwaweza kumtia hofu kabla hajafika mlangoni. Usaili katika muktadha wa ajira ni kumpima mwombaji kwa ajili ya kazi. Anayeuliza ni msaili, na anayeulizwa ni msailiwa.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya mwaka 1982 juu ya ajira ya walemavu iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wafikishe asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi yake, imeshusha idadi hiyo hadi wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inasema wazi kwamba "mfanyakazi" katika kifungu hicho ni pamoja na mwombaji wa kazi. Kwa hiyo haki haianzi siku ya kutia sahihi mkataba, bali katika tangazo la kazi na chumba cha usaili.

Istilahi ya tatu ni marekebisho stahiki. Dhana hii imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mfasiri mwenye haraka huandika "malazi yanayofaa", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana hiyo pia, na mwajiri akadhani anadaiwa chumba cha kulala. Maana yake hasa ni mabadiliko yanayohitajika ili mtu apate haki sawa na wengine, pasipo kumtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi. Katika usaili aghalabu mabadiliko hayo ni madogo: kuuliza swali moja kwa wakati mmoja, kutumia maneno mepesi, kuongeza muda, kumruhusu msailiwa aje na mtu anayemwamini, au kumpa kazi aifanye badala ya kuieleza. Mkataba unahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi.

Istilahi ya nne ni matakwa ya lazima ya kazi yenyewe. Sheria ya 2004 inamruhusu mwajiri kuchagua kwa kufuata matakwa hayo. Lakini mfasiri akiandika "sifa zinazotakiwa" tu, amefungua mlango mpana mno. Tuchukue mfano wa kijana wa Mbagala anayeomba kazi ya kupanga bidhaa ghalani. Kutambua bidhaa na kuziweka mahali pake ni takwa la lazima. Kujieleza kwa ufasaha mbele ya wasaili watano si takwa la kazi hiyo, ingawa laweza kuwa ndilo lililomnyima kazi. Malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na dalili za ubaguzi zikionekana, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Tunawashauri walimu wawafundishe wanafunzi wao maneno haya mapema, na maofisa utumishi wazipitie upya fomu zao. Haki iliyoandikwa kwa neno lisiloeleweka ni sawa na barua isiyofika.