Fahali wa Nyama na Fahali wa Chuma

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi. Lakini je, wajua kuna watu wanaoamka alfajiri na mapema kwenda kuwatazama fahali hao wakipigana?

Nenda Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho. Katika viwanja kama vile Shinyalu, Khayega na Malinya, fahali wawili huletwa asubuhi, kila mmoja akisindikizwa na mashabiki wake kwa ngoma ya isukuti. Wakikutana, husukumana kwa pembe mpaka mmoja aone maji yamezidi unga, ageuke na kutoroka. Basi huyo ameshindwa. Hatari ni hapo anapotoroka! Watu hutawanyika huku na kule, na wapo waliopigwa pembe au kukanyagwa. Nyasi ndio hao.

Kisiwani Pemba mambo ni tofauti. Huko ni mtu na ng'ombe. Inasimuliwa kwamba mchezo huo uliletwa na Wareno, walioitawala pwani yetu mpaka karne ya 17. Ng'ombe hufungwa kamba ndefu, ngoma zikalia, kisha kijana humsogelea akipunga kitambaa. Ng'ombe akija, kijana huruka kando. Lakini ng'ombe hauawi kama afanyiwavyo mwenzake wa Uhispania. Mchezo ukiisha, anarudi zake malishoni.

Huko Uhispania kwenyewe, mjini Pamplona, kila Julai fahali huachiliwa barabarani na watu hukimbia mbele yao kwa umbali wa mita 850 hivi. Tangu mwaka 1910, watu 16 wamepoteza maisha katika mbio hizo. Si mchezo!

Pengine utasema hao wote ni wendawazimu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini ukitazama vizuri, kila mchezo una masharti yake. Pemba kuna kamba. Kakamega anayekimbia ameshindwa, yakaisha. Pamplona, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kukimbia.

Sasa turudi hapa kwetu Syokimau. Sisi pia tuna fahali wetu: trela za Barabara ya Mombasa. Mchezo ni kudandia nyuma trela ikipunguza mwendo, halafu kuruka kabla haijashika kasi. Hauna kamba, hauna mzee wa kuamua, na dereva hata hajui kama yumo mchezoni. Muhula uliopita tulidandia watatu. Mimi niliruka mapema kwa woga, wakanicheka. Mmoja wetu aling'ang'ania. Alipoteleza, nilisikia mlio ambao sijausahau mpaka leo. Sasa anakuja darasani kwa magongo, na hakuna anayecheka tena. Kweli, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nikitia nanga, nakumbusha kwamba mtaa wetu una jina la nabii wa Wakamba, Syokimau, ambaye inasimuliwa alitabiri kuja kwa nyoka mrefu, yaani reli, kabla haijajengwa. Aliwaonya watu wake juu ya nyoka huyo. Sijasikia popote kwamba aliwaambia wamdandie mkia.