Magitaa ya kuunga Mwanhuzi: Pima shingo kabla ya kulipa

MSIMU wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, fedha huanza kuzunguka Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu. Mkulima akishalipwa hununua bati, baiskeli na sare za watoto. Kwaya na vikundi vya muziki navyo huona huo ndio wakati wa kukusanya michango ya vyombo, na gitaa la umeme huwa juu kwenye orodha.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, hapo pana nafasi. Gitaa zima lililotumika ni ghali, lakini kiwiliwili kimoja kikipatikana huku na shingo moja kule, gitaa linaweza kuungwa na kuuzwa kwa faida. Wazo lenyewe si baya. Magitaa ya aina hii yalibuniwa yakiwa na hesabu hiyo hiyo ndani yake.

Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alipoingiza gitaa lake sokoni mwaka 1950, hakuigandisha shingo kwa gundi kama walivyofanya watengenezaji wengi wa magitaa. Aliichongea kiwiliwili shimo la kina kifupi, akaichomeka shingo humo na kuikaza kwa skrubu nne kutoka nyuma. Shingo ikichakaa, inafunguliwa na kufungwa nyingine, kama mtu anavyobadili pedeli ya baiskeli. Stratocaster ya mwaka 1954 ilifuata mtindo huo, na viwanda vingi vya Asia vikauiga.

Tatizo ni kwamba kuiga si kulinganisha. Shingo mbili zinaweza kufanana machoni na bado moja ikakataa kiwiliwili ambacho nyingine inakaa vizuri.

Hesabu ya mfano (bei zimewekwa ili kuonyesha hesabu tu) inatosha kuonyesha hatari iliyopo. Mtu ananunua viwiliwili vitano kwa Sh. 60,000 kila kimoja, shingo tano kwa Sh. 80,000 kila moja, na nyuzi na vipuri vidogo vya Sh. 30,000 kwa kila gitaa. Mtaji wote ni Sh. 850,000. Akiuza magitaa yote matano kwa Sh. 250,000 kila moja, anapata Sh. 1,250,000 na faida yake ni Sh. 400,000. Shingo mbili zikikataa, anabaki na matatu ya kuuza, yaani Sh. 750,000. Faida imegeuka hasara ya Sh. 100,000, na mbao mbili zimelala stoo. Kwa maneno mengine, magitaa matatu ya kwanza hayarudishi mtaji. Ni la nne linaloanza kuleta faida.

Hata hivyo, si kila kasoro ni hasara, na hapa ndipo mnunuzi mwenye macho anapomzidi mwenzake. Kasoro moja haina dawa ya bei nafuu, na hiyo ni urefu wa uzi unaolia, yaani umbali kutoka kile kizingiti cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Freti zote hupangwa kiwandani kwa kufuata urefu huo. Kwa Stratocaster na Telecaster ni milimita 648. Magitaa mengi ya Gibson hutumia karibu milimita 628, na Fender Mustang ya kawaida ni milimita 610. Shingo iliyopangwa kwa urefu mmoja ikifungwa kwenye kiwiliwili cha urefu mwingine, nyuzi zikiwa wazi zitatuniwa vizuri, lakini mpigaji akipanda juu ya shingo kila noti itakuwa nje. Hakuna fundi wa kulisahihisha hilo kwa msasa. Zipo shingo maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya kubadili urefu, lakini si za kutegemea kuokota kwenye fungu la mitumba.

Kipimo chake ni rahisi na kinahitaji futi ya fundi tu. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya urefu huo. Kutoka kwenye kizingiti hadi freti ya 12, shingo ya 648 itasoma milimita 324, ya 628 itasoma 314, na ya 610 itasoma 305. Tofauti ya sentimita moja haihitaji elimu ya muziki kuiona. Muuzaji anayekataa bidhaa yake isipimwe, ni heri aachwe na bidhaa yake.

Linalofuata ni kitako, ile sehemu ya shingo inayoingia kwenye shimo. Kwenye magitaa ya mtindo wa Fender upana wa kitako ni karibu milimita 56, unene karibu 25, na shimo lina kina cha karibu 16. Nakala za bei nafuu hupishana na vipimo hivyo kwa milimita moja au mbili. Kitako kikizidi kidogo, seremala hukipunguza. Kikipungua, shingo hucheza na nyuzi huegemea upande mmoja. Shimo likiwa na kina kikubwa mno, kipande chembamba cha mbao huwekwa chini ya kitako kuinua shingo.

Umbo nalo lina lake. Kitako cha Telecaster kimekatwa wima mwishoni, cha Stratocaster kimeviringwa. Shingo ya Stratocaster huingia kwenye kiwiliwili cha Telecaster na kuacha vipenyo vidogo pembeni, ambavyo haviharibu sauti. Kinyume chake, pembe za kitako cha Telecaster hazitaingia mpaka ziviringwe.

Matundu ya skrubu ndiyo huwatisha wengi bila sababu. Mpangilio wa kawaida ni skrubu nne zilizoachana milimita 38 kwa upana na 51 kwa urefu. Stratocaster za takriban mwaka 1971 hadi 1981 zilikuwa na skrubu tatu. Yasipolingana, matundu ya shingo huzibwa kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, kisha hutobolewa upya baada ya shingo kunyooshwa na uzi wa kwanza na wa sita. Ni kazi ya nusu siku, na ni sababu nzuri ya kuombea punguzo.

Zamani mzigo huu haukuwa wa mtu binafsi. Bendi kubwa za dansi zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na vikiharibika yeye ndiye aliyehangaika. Leo mwenye kuhangaika ni aliyetoa fedha. Gitaa likigoma kukaa sauti ibada ya Jumapili, Jumatatu litarudi dukani, na Mwanhuzi ni mji ambako watu wanajuana.

Anayeunga magitaa pia amwambie mteja ukweli. Shingo yenye jina la Fender juu ya kiwiliwili cha kiwanda kingine haifanyi gitaa kuwa Fender. Kuliuza hivyo ni udanganyifu, na bidhaa bandia ni jambo linalofuatiliwa na Tume ya Ushindani.

Kwa magitaa ya besi, vipimo ni vingine kabisa: kitako cha besi ya Fender kina upana wa karibu milimita 63 na urefu wa uzi ni 864. Shingo ya besi haina kazi kwenye kiwiliwili cha solo au cha rithimu, hata ikitolewa bure.