Mamlaka ya Mwenye Nyumba Juu ya Ruta Yake

Kila nyumba iliyoingiza intaneti imeingiza pamoja nayo kijisanduku chenye taa ndogo na antena mbili au nne, ambacho aghalabu hutundikwa ukutani na fundi wa kampuni, huwashwa, hujaribiwa kwa dakika chache, kisha huachwa hapo mwaka baada ya mwaka bila ya mwenye nyumba kukitazama ila siku taa yake inapogeuka nyekundu. Kijisanduku hicho, yaani ruta, ni kompyuta kamili. Kina programu yake, kumbukumbu yake na ukurasa wake wa mipangilio, na humo ndimo huamuliwa nani aingie katika mtandao wa nyumba, maneno yetu yafichwe kwa namna gani yanapopita hewani, na kila jina la tovuti tuandikalo lipelekwe kwa nani kuulizwa anwani yake. Madhali mambo makubwa kama hayo huamuliwa humo, yampasa mwenye nyumba ajue njia ya kuingia, ajue yapi ayaguse na yapi ayaache. Na dai langu ni kwamba ya kuguswa ni machache, lakini machache hayo yakipuuzwa hakuna kifurushi cha bei ghali kitakachoyafidia.

Njia yenyewe ni nyepesi. Simu au kompyuta ikiwa imekwisha kuunganishwa na waifai ya nyumbani, hufunguliwa kivinjari, na mahali pa anwani huandikwa 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au kwa ruta nyingi za Huawei zitumiazo laini ya simu, 192.168.8.1; kibandiko kilicho chini ya ruta huonyesha ipi iliyo sahihi, pamoja na jina la kuingilia na neno la siri la kiwandani. Anwani hizi ni katika zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani tu, na ndiyo sababu nyumba ya Tanga na nyumba ya Kisumu huweza kutumia anwani ile ile bila ya kugongana. Kabla ya kubadilisha lolote, tafuta mahali pa kuhifadhi nakala ya mipangilio, au piga picha za kurasa zote kwa simu. Kwani tundu dogo lililo nyuma ya ruta, ambalo likidungwa kwa ncha ya pini kwa sekunde kama 10 huirudisha ruta katika hali ya kiwandani, hufuta makosa yako na, pamoja nayo, hufuta maelezo ambayo fundi aliyaingiza ili nyumba ipate intaneti.

Katika ukurasa huo pana siri mbili, na kuzichanganya ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Ya kwanza ni siri ya waifai, ambayo wageni na watoto wa jirani huijua. Ya pili ni siri ya utawala, ambayo humpa aliye nayo uwezo wa kubadilisha kila kitu, na hii ndiyo iachwayo katika nyumba nyingi kama ilivyotoka kiwandani, neno «admin» likiwa jina na neno lilo hilo likiwa siri. Mwaka 2016 programu ovu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, orodha inayoenea katika ukurasa mmoja wa daftari, na kwa orodha hiyo fupi ikatia mikononi mwake mamia ya maelfu ya kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo sehemu ya jeshi hilo ilielekezwa kwa kampuni ya Dyn nchini Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kuzifikia tovuti kubwa kama Twitter na Netflix. Wenye vyombo hivyo walikuwa raia wema waliolala majumbani mwao, wala hawakujua kwamba mali yao imo vitani. Basi siri ya utawala ibadilishwe kwanza, iandikwe katika daftari linalohifadhiwa pamoja na hati za nyumba, na ruhusa ya kuufikia ukurasa huo kutoka nje ya nyumba izimwe ikiwa imewashwa.

Baada ya hapo litazamwe suala la kuyaficha maneno yapitayo hewani. Njia ya kwanza, WEP, ilikuja na kanuni za waifai za mwaka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha jinsi ya kuivunja. WPA ya 2003 ilikuwa ya kuvushia tu. WPA2 ya 2004 ndiyo inayotumiwa na vyombo vingi hata leo, na WPA3 ilitangazwa 2018. Chagua WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa nyumbani zingalipo simu za zamani, na neno la siri liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo hukumbukwa kwa urahisi kuliko tarakimu za ovyo na hayakisiwi kama lilivyo rahisi kukisiwa jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa.

Karibu na hapo utaona kitu kiitwacho WPS, kilichobuniwa ili chombo kiunganishwe kwa kubonyeza kitufe au kwa kuandika tarakimu 8 badala ya neno la siri. Tarakimu 8 kwa hesabu ya kawaida zingetoa michanganyiko milioni 100, na mtu angedhani kwamba hilo latosha. Lakini Desemba 2011 Stefan Viehböck wa Austria alionyesha kwamba ruta huzikagua tarakimu hizo kwa mafungu mawili, tena hulijibu fungu la kwanza kabla ya kulitazama la pili, ilhali tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile saba zilizoitangulia. Kwa hiyo fungu la kwanza lina michanganyiko 10,000 na la pili 1,000, na mwenye nia mbaya aliyekaa katika chumba cha jirani, akiwa na subira ya saa kadhaa, humaliza kazi kwa majaribio yasiyozidi 11,000, hata kama neno la siri la waifai ni refu namna gani. Ruta za baadaye nyingi huchelewesha majaribio hayo, lakini sioni faida inayolipia hatari hiyo. WPS izimwe.

Pana safu nyingine ndogo ambayo wengi huipita bila kuisoma, nayo ni ile ya DNS, yaani anwani za seva zinazoulizwa kila mara jina la tovuti linapoandikwa. Atakayefaulu kuibadilisha safu hiyo hana haja ya kuvunja kitu kingine, kwa sababu nyumba nzima itapelekwa atakako yeye. Genge lililokamatwa Estonia Novemba 2011 lilikuwa limezigeuza anwani hizo katika kompyuta zipatazo milioni 4 ulimwenguni, na hata katika baadhi ya ruta zilizoachwa na siri za kiwandani. Na seva safi zilizowekwa kwa amri ya mahakama mahali pa zile za genge zililazimika kuendelea hadi tarehe 9 Julai 2012, kwani lau zingezimwa ghafla, watu wengi sana wangejikuta hawana intaneti. Isome safu hiyo. Ukikuta imeachwa ijijaze yenyewe, au pana anwani za kampuni yako, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9, hapana shaka kubwa. Ukikuta nambari asiyeijua yeyote nyumbani, ipigie simu kampuni kabla ya kufungua tena ukurasa wa benki.

Sasa nije katika jambo ambalo watu hulilalamikia kuliko hatari zote hizo, nalo ni udhaifu wa mawimbi, ambao mara nyingi hutupiwa kampuni ilhali chanzo chake ni nyumba yenyewe. Ruta nyingi za leo husema kwa masafa mawili: gigahatsi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12, na gigahatsi 5, ambayo wimbi lake ni kama sentimita 6 au pungufu. La pili lina njia pana na kasi kubwa, lakini hunywewa zaidi na kuta. Tazama nyumba ya kale ya Lamu, au ya Mji Mkongwe wa Unguja: kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake hupata nusu mita, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo ni nadra kuvuka mita 3, ndiyo maana vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na wimbi litokalo sebuleni kuelekea chumba cha ndani hukutana na ukuta mnene kila baada ya hatua nne. Hapana mpangilio wa ruta utakaoyapenya matumbawe hayo. Pakua katika simu programu ya kupimia mawimbi, uyatazame yakipungua chumba hata chumba: desibeli hasi 50 ni hali njema, hasi 67 yatosha kwa mazungumzo ya picha, na ikifika hasi 80 hata ujumbe hufika kwa taabu.

Wengi wanapoona hayo hutafuta mpangilio wa kuongeza nguvu za kurusha. Haufai, kwa sababu mazungumzo ni ya pande mbili, na simu iliyo chumba cha ndani, kwa betri yake ndogo, haitaongezewa sauti kwa kuwa ruta imeongezewa. La aula ni kuisogeza ruta ielekee ua wa katikati, ambao hauna paa wala ukuta na hupitisha mawimbi hadi ghorofa ya juu, na kuweka kirushio cha pili upande wa ndani kilichounganishwa kwa waya; vile vidude vinavyopokea hewani na kurudisha hewani aghalabu hugawa kasi nusu kwa nusu. Nyumba ya matofali ya saruji ni rahisi zaidi, ila ruta isikae nyuma ya friji, wala kando ya tangi la maji, wala chini kabisa ya bati, kwa kuwa chuma hurudisha mawimbi na maji huyanywa.

Anayekaa katika ghorofa za Kariakoo au Eastleigh ana shida nyingine, nayo ni wingi wa majirani. Katika gigahatsi 2.4 chaneli zimepangwa kwa umbali wa megahatsi 5, lakini mawimbi ya ruta moja hutanda kwa upana wa megahatsi 20, kwa hiyo ni chaneli ya 1, ya 6 na ya 11 pekee zinazoweza kufanya kazi pamoja bila ya kupandiana. Watu wakiona kwamba hizo tatu zimejaa hukimbilia ya 3 au ya 8, wakidhani wamepata nafasi tupu, nao wameharibu pande mbili kwa mpigo: ruta mbili zilizo katika chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, ilhali zilizopandiana nusunusu ni kama watu wawili wanaopigiana kelele kila mmoja kwa lugha isiyojulikana na mwenziwe. Afadhali chaneli ya 6 pamoja na majirani watano kuliko ya 4 peke yako. Upana nao ubaki megahatsi 20, usipandishwe kuwa 40, maana 40 humeza karibu nusu ya masafa yote. Katika gigahatsi 5 chaneli ni nyingi, na ya 36 hadi ya 48 hazina masharti ya rada; kuanzia ya 52 hadi ya 144 sheria huitaka ruta isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kurusha na ihame mara isikiapo rada, hivyo aliye karibu na uwanja wa ndege na waifai yake hutoweka ghafla kisha ikarudi, na arejee ya 36 kabla ya kumlaumu fundi.

Mengine niyapitie kwa haraka. Kuficha jina la mtandao hakumzuii yeyote mwenye maarifa, na huilazimisha simu yako kulitaja jina hilo kila iendapo. Kuchuja vyombo kwa anwani zao za MAC ni kazi ya bure, kwani anwani hizo husikika hewani na huigwa, na simu za sasa hujibadilishia zenyewe. UPnP, ambayo huruhusu chombo chochote cha ndani kufungua mlango wa nje bila ya idhini, izimwe, isipokuwa pana mchezo au kamera isiyoweza kwenda bila yake. Mtandao wa wageni uwashwe, na humo waingie wageni, luninga na kamera, zisikae pamoja na kompyuta yenye hesabu za biashara. Na aliyehangaika kufungua milango ya kamera yake asifaulu, aitazame anwani ya nje ya ruta: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewagawia wateja wengi anwani moja, na hilo halitengenezwi nyumbani.

Limebaki la mwisho kwa mpango, lisilo la mwisho kwa uzito, nalo ni programu ya ruta yenyewe. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alitangaza kasoro katika WPA2, ile tuliyokuwa tukiitegemea sote, na tiba yake ilikuwa programu mpya. Mei 2018 FBI iliwasihi watu wazime na kuwasha upya ruta zao kwa sababu ya programu ovu ya VPNFilter, iliyokuwa imezinasa ruta na vyombo vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Ruta ikiwa na mpangilio wa kujisasisha yenyewe, uwashwe. Isipokuwa nao, mwenye nyumba aingie kutafuta programu mpya kila baada ya miezi michache. Na ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea programu mpya, hata taa zake zikiwa zingali zinawaka vizuri, imekwisha muda wake. Wala usione haya kuiandikia kampuni inayokutoza kila mwezi, ukataja namba ya toleo iliyo katika kibandiko, na kuitaka ikubadilishie.