Kutambua Chombo cha Chuma Kisicho na Jina

Chombo cha chuma kilichoundwa na fundi wa mtaani, kisha kikanunuliwa tena mnadani baada ya kutumika kwa miaka mingi, humpa mnunuzi taabu ambayo bidhaa ya kiwandani haimpi, kwa kuwa hakina nembo wala namba, na aliyekiunda alikikusudia kazi moja na pengine mteja mmoja tu. Muuzaji akiulizwa hutaja jina lolote litakaloharakisha biashara, kwa hiyo kauli yake ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye nguvu umo katika chombo chenyewe, mradi kisisuguliwe wala kupakwa rangi kabla ya kukaguliwa, maana msasa unaoondoa kutu huondoa pia alama za kazi.

Kwanza hubainishwa aina ya metali. Sumaku hunasa chuma cha kawaida, lakini hainasi shaba, alumini wala baadhi ya aina za chuma kisichoshika kutu. Isiponasa, na ikiwa chombo hakina uwazi ndani, hupimwa uzito kwenye mizani, kisha huzamishwa majini ili kiasi cha maji yanayopanda kionyeshe ujazo wake: kila sentimita moja ya ujazo ya alumini ina takriban gramu 2.7, ya shaba nyekundu takriban 9, na ya risasi zaidi ya 11.

Baada ya hapo hutafutwa asili ya chuma hicho, na hapa ndipo penye utamu wa uchunguzi, kwa sababu mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, ambao Wakenya huwaita jua kali, pamoja na wenzao wa Gerezani jijini Dar es Salaam, mara nyingi hufua chuma chakavu kilichokwisha kuwa kitu kingine. Bati la jiko la mkaa huenda lilikuwa pipa la mafuta, na koroboi ilikuwa kopo. Nondo nayo hujulikana kwa mistari iliyoinuka ubavuni, iliyowekwa ili ishikane na zege. Springi za lori, yaani vile vipande bapa vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine kwenye ekseli, hupendwa kwa panga na patasi kwa kuwa ni feleji, chuma chenye kaboni ya kutosha kukazwa kwa moto na kushika makali. Vipande hivyo hutobolewa katikati ili vipitishe bolti, na kile kirefu zaidi hukunjwa ncha zake kuwa duara. Basi tundu lisilo na kazi yoyote katika chombo kipya ni kumbukumbu ya lori, wala si ithibati kwamba chombo kilitundikwa ukutani.

Hata hivyo, asili ya chuma haitaji kazi ya chombo. Kazi husomwa kwenye uchakavu. Palipong'aa ndipo mkono uliposhika, kichwa kilichofura kama uyoga kiligongwa kwa nyundo, na ukingo uliolika upande mmoja ulikwangua. Bapa lenye meno kwenye ncha ya mviringo na matundu ya misumari mkiani, ambalo mtu asiyeyajua mapishi ya pwani angelidhania silaha, ni ulimi wa mbuzi ya nazi uliong'olewa kwenye kibao chake.

Pasipo uchakavu hata wataalamu hukwama: vyombo vya shaba vyenye nyuso 12, vya enzi ya Warumi, vinajulikana kwa watafiti tangu 1739 na zaidi ya 100 vimepatikana Ulaya, lakini havina mikwaruzo ya kazi inayoeleweka, na ubishi juu yake haujaisha.

Ipo hali moja ambamo udadisi wote huu hauna budi kusitishwa. Bomba zito lililozibwa ncha zote mbili, au chombo chochote kinachofanana na kombora au bomu, kisikatwe, kisipashwe moto wala kubebwa kwenda kwa fundi. Kiachwe palipo, watu wasogee mbali, na polisi waarifiwe.